Sura ya 7: Kisiwa Kilichofungwa Miaka 48

Kila msimu zinaposikika habari za ng'ombe kufa ghafla, wafugaji huuliza swali lile lile. Mnyama aliyekufa kwa kimeta akishafukiwa, si mambo yamekwisha? Mbona bwana mifugo anakataza kuchunga pale alipofukiwa, tena si mwaka huu tu, bali mwakani na miaka mingi mbele? Jua linawaka, mvua inanyesha, majani yanaota upya. Huo ugonjwa unajificha wapi?

Unajificha humo humo udongoni, na unaweza kusubiri muda mrefu kuliko maisha ya mfugaji mwenyewe. Ushahidi wa jambo hili upo sehemu nyingi duniani, lakini hakuna mahali ulipoonekana waziwazi kama kwenye kisiwa kidogo cha Scotland ambacho watu walikitia ugonjwa huo kwa makusudi, wakapima matokeo, kisha wakashindwa kuuondoa kwa zaidi ya miaka 40. Sura hii inahusu kisiwa hicho. Tukikielewa, tutaelewa pia kwa nini bwana mifugo anasisitiza.

Kisiwa chenyewe

Kinaitwa Gruinard, na wenyeji hulitamka jina hilo karibu na "Grinyadi". Kiko kaskazini magharibi mwa Scotland, ndani ya ghuba yenye jina hilo hilo, kati ya Gairloch na Ullapool. Ni kidogo kweli: urefu kama kilomita 2, upana kama kilomita 1, na eneo lote ni hekta 196, sawa na ekari 484. Kilele chake, An Eilid, kina mita 106 tu kutoka usawa wa bahari. Kati ya kisiwa na bara kuna maji ya kama kilomita moja, kwa hiyo mtu anayepita barabara ya pwani anakiona chote, mwanzo mpaka mwisho. Jambo hilo la umbali tutalirudia, kwa sababu lina uzito katika habari yote inayofuata.

Huko ni mbali sana kaskazini. Mwezi Juni giza haliingii sawasawa, na mwezi Desemba jua huonekana saa sita au saba tu kwa siku. Hata hivyo baridi yake si kali kama mtu angetarajia, kwa sababu mkondo wa bahari wenye uvuguvugu hupita karibu na pwani hiyo. Jirani na hapo, pale Inverewe, ipo bustani maarufu iliyoanzishwa mwaka 1862 yenye mimea ya nchi za joto, na imestawi. Shida ya pwani hiyo ni mvua na upepo. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na ardhi hailowi ikakauka kama yetu, inabaki imeloa.

Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya udongo wa huko ni mweusi, laini, umejaa maji, umetokana na majani yaliyokufa na kushindwa kuoza vizuri kwa karne nyingi. Watu wa Scotland huukata vipande vipande, wakauanika, wakautumia kama kuni. Tuuite udongo wa mboji. Juu yake huota nyasi na vichaka vifupi vinavyotoa maua ya zambarau mwishoni mwa kiangazi. Miti hakuna.

Lakini miti ilikuwapo. Kasisi Donald Monro, aliyezunguka visiwa vya pwani hiyo katikati ya karne ya 16, aliandika kwamba Gruinard ni mali ya ukoo wa MacKenzie, kimejaa misitu, na ni mahali pazuri pa kujificha wezi na waasi. Kwa macho ya wakati ule, basi, kisiwa hiki kilikuwa na faida yake: mtu anayesakwa na wenye nguvu angeweza kuvuka kwa mashua na kutoweka msituni.

Watu waliokaa hapo hawakuwahi kuwa wengi. Sensa ya mwaka 1881 iliwakuta 6. Kufikia miaka ya 1920 hapakuwa na hata mmoja. Gruinard haikuwa peke yake katika hilo; visiwa vingi vidogo vya Scotland vilipoteza watu katika miaka hiyo. Kinachojulikana zaidi ni St Kilda, ambako watu 36 wa mwisho waliomba wenyewe kuhamishwa, wakaondolewa kwa meli mwezi Agosti 1930. Maisha ya kisiwa cha aina hiyo yanataka mikono ya kutosha ya kupiga makasia, na vijana wakishaondoka kutafuta kazi, wazee hawawezi kubaki peke yao.

Kwa hiyo vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, Gruinard ilikuwa na nyasi, ndege wa baharini, na mmiliki aliyeishi kwingine. Kwenye karatasi za ofisini ilikuwa ni ardhi isiyo na watu. Hicho ndicho kilichoiponza.

Kimeta hufanyaje kazi

Kabla ya kwenda mbele, tumjue mgeni aliyeletwa kisiwani.

Kimeta husababishwa na bakteria, yaani kiumbe cha chembe moja kisichoonekana kwa macho. Daktari wa Kijerumani Robert Koch ndiye aliyethibitisha hivyo mwaka 1876, baada ya kumlea bakteria huyo nje ya mwili wa mnyama na kumfuata hatua kwa hatua chini ya hadubini. Bakteria akiingia mwilini mwa ng'ombe, mbuzi au kondoo, huongezeka kwa kasi kubwa na kutoa sumu. Mnyama anaweza kuwa mzima asubuhi na jioni akawa mzoga, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, mdomoni na nyuma.

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini, maana ndiyo kiini cha sura nzima. Bakteria akiwa ndani ya damu ni dhaifu. Mzoga ukiachwa bila kupasuliwa, kuoza kwenyewe humuua katika muda wa siku chache. Lakini damu ikimwagika na kukutana na hewa, bakteria hubadilika. Hujikausha, hujikunja, hujifunga ndani ya ganda gumu na kuacha kula na kuzaliana. Katika hali hiyo huitwa spora. Ni kama punje ya mahindi ghalani: ukiitazama utadhani imekufa, kumbe inangoja udongo wake. Tofauti ni kwamba mahindi huharibika baada ya misimu michache, ilhali spora ya kimeta hustahimili jua, baridi, ukame na mafuriko kwa miongo mingi. Udongo wake inaoungoja ni mwili wa mnyama mwingine.

Hiyo ndiyo sababu ya lile katazo ambalo watu wengi hulipuuza: usipasue mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla. Kisu cha mchunaji ndicho kinachoifungulia hewa mlango. Fisi na tai hufanya kazi hiyo hiyo porini, na ndiyo maana kimeta huwamaliza hata wanyamapori. Mwaka 2004 na 2005 viboko wapatao 300 walikufa kwa ugonjwa huu katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda.

Mfaransa Louis Pasteur aliongeza jambo jingine. Wafugaji wa Ufaransa walikuwa na mashamba waliyoyaona yamelaaniwa, kwa kuwa kila kondoo waliopelekwa huko walikufa. Pasteur alichunguza sehemu zilizofukiwa mizoga zamani akakuta spora juu ya ardhi, kwenye vile vijirundo vidogo vya udongo vinavyotolewa na minyoo. Alieleza kwamba minyoo hula udongo wa chini na kuutapakaza juu, na spora hupanda nao. Kufukia, basi, kunasaidia pale tu shimo linapokuwa refu sana. Shimo la kina cha goti ni kuahirisha tu.

Kwa binadamu kimeta huingia kwa njia tatu:

- Kwa ngozi, mtu anaposhika mzoga au ngozi akiwa na mchubuko. Hutokea kidonda kisichouma sana chenye ganda jeusi katikati. Hii ndiyo aina inayoonekana zaidi, na ikiwahiwa kwa dawa mgonjwa hupona.
- Kwa tumbo, mtu anapokula nyama ya mnyama mgonjwa.
- Kwa mapafu, mtu anapovuta spora kwa pumzi. Aina hii ni nadra, na ndiyo inayoua kuliko zote.

Aina ya tatu iliwahi kuitwa ugonjwa wa wachambua sufu, kwa sababu iliwaua wafanyakazi wa viwanda vya sufu vya Bradford, Uingereza, katika karne ya 19. Walikuwa wakifungua marobota ya manyoya yaliyoletwa kutoka nchi za mbali, vumbi linafumka, na baada ya siku kadhaa mtu mzima mwenye nguvu zake anazikwa.

Wanajeshi waliisoma habari ya vumbi hilo kwa namna yao.

Kwa nini kimeta, na kwa nini Gruinard

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1925 ulipiga marufuku kutumia silaha za vijidudu vitani. Haukukataza kuzitengeneza wala kuziweka ghalani. Mwaka 1940, Uingereza ikihofia kwamba Ujerumani inaandaa silaha za namna hiyo, ilianzisha kikundi cha siri katika kituo chake cha utafiti wa kijeshi cha Porton Down, kusini mwa nchi. Kiongozi wake alikuwa mtaalamu wa bakteria, Paul Fildes. Kazi waliyopewa ilikuwa kujibu swali: je, bomu linaweza kusambaza ugonjwa bila ule mlipuko wenyewe kuwaua vijidudu?

Vijidudu vingi havivumilii joto la mlipuko. Spora za kimeta huvumilia. Sifa ile ile inayomtesa mfugaji, kwamba ugonjwa hauishi, ndiyo iliyowavutia.

Walihitaji mahali pa kujaribia. Pawe mbali na miji, pasiwe na wakazi, na pawe karibu na bara kiasi cha kufikika kwa mashua ndogo. Mkoa huo wa Scotland ulikuwa tayari umewekewa vizuizi vya kijeshi na watu hawakuingia bila kibali. Jirani na hapo, Loch Ewe, ndipo misafara ya meli za kwenda Urusi ilipokusanyika. Mwaka 1942 serikali ikakitwaa kisiwa.

Picha za filamu za majaribio hayo, zilizofichwa mpaka mwaka 1997, zina rangi, na ukizitazama huzisahau upesi. Kondoo wamepangwa mstari kwenye nyasi za kijani, kila mmoja mahali pake, umbali ukiongezeka kutoka kwenye bomu. Watu wamevaa ovaroli za kitambaa na barakoa za gesi. Bomu dogo limening'inizwa kwenye mlingoti. Linapasuka, na wingu la rangi ya kahawia linaondoka taratibu, linafuata upepo, linawapitia kondoo. Hakuna kondoo anayeanguka. Wanaendelea kusimama, wengine wanatafuna. Siku tatu baadaye wanaanza kufa.

Jaribio lilikuwa limefaulu kwa kipimo cha waliolifanya. Bomu jingine, lililodondoshwa na ndege, lilididimia kwenye udongo wa mboji kabla ya kufanya lililokusudiwa, ikabidi jaribio la namna hiyo lirudiwe kwenye ufuo wa Penclawdd, huko Wales. Sambamba na hayo, Uingereza ilitengeneza keki milioni 5 za chakula cha mifugo zilizotiwa kimeta, kwa nia ya kuzimwaga kutoka angani juu ya malisho ya Ujerumani ili ng'ombe wazile. Hazikutumika, na baada ya vita ziliharibiwa. Ukifikiria kilichotokea Gruinard, unaona ukubwa wa kilichoepukwa: malisho ya Ulaya ya kati yangekuwa na spora mpaka wajukuu wa wapiganaji.

Mzoga uliovuka maji

Mizoga ya majaribio ilitakiwa kuteketezwa. Mingine ilichomwa. Mingine iliwekwa chini ya jabali lililoko ufukoni, kisha jabali likalipuliwa kwa baruti liifunike. Kazi haikukamilika sawasawa. Dhoruba ikaja, mzoga mmoja ukachukuliwa na maji, ukavuka ile kilomita moja na kukwama ufukoni upande wa bara.

Mbwa na wanyama wengine waliufikia. Mifugo ya wanakijiji ikaanza kufa.

Serikali ililipa fidia. Lakini wenye mifugo hawakuambiwa kilichowaua ng'ombe na kondoo wao. Habari iliyoenezwa ni kwamba mzoga ulitupwa baharini na meli ya Kigiriki iliyokuwa ikipita. Mtu aliyeishi mkabala na kisiwa, aliyeona mashua za jeshi zikienda na kurudi na aliyesikia milipuko, alitakiwa aamini meli.

Naliona jambo hili kuwa zito kuliko bomu lenyewe. Vita ilikuwepo, hofu ilikuwepo, na waliofanya majaribio waliamini wanailinda nchi yao. Lakini mfugaji asiyejua kwamba ni kimeta humchuna mnyama aliyekufa, hugawa nyama, hutandika ngozi. Kumficha jina la ugonjwa ni kumwacha mikono mitupu mbele yake. Hata leo, katika nchi zetu, taarifa ya kimeta ikicheleweshwa ili soko la nyama lisiyumbe, wanaoumia kwanza ni wachinjaji na watoto wa wachungaji.

Kwa ufupi hadi hapa

Kimeta huishi muda mrefu kwa sababu ya spora, na spora hutengenezwa damu inapokutana na hewa. Mwaka 1942 na 1943 wanasayansi wa kijeshi wa Uingereza walizimwaga spora hizo juu ya Gruinard wakijua ni sugu. Walipomaliza, walijaribu kuusafisha udongo wakashindwa.

Pauni 500

Vita ilipokwisha mwaka 1945, mmiliki aliomba arudishiwe kisiwa chake. Hakikuweza kurudishwa. Mwaka 1946 serikali ilikubali kukinunua na kubeba dhamana yake kwa bei ya pauni 500, kwa makubaliano kwamba siku kitakapokuwa salama kwa watu na wanyama, mmiliki au warithi wake watakuwa na haki ya kukinunua tena kwa bei hiyo hiyo. Vibao vikasimikwa ufukoni kuwaonya watu wasishuke: ardhi hii ina kimeta, ni hatari.

Kwa miaka zaidi ya 20 wataalamu wa Porton Down walikwenda kuchukua vipimo, mara ya mwisho katika mfululizo huo ikiwa mwaka 1968. Kila mara jibu lilikuwa lile lile. Spora zipo, ziko hai, kwenye tabaka la juu la udongo. Watoto wa upande wa bara walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa wakiwa na kisiwa mbele ya macho yao ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga. Wavuvi wakapita kando. Vitabu na magazeti yakakiita kisiwa cha kifo, jina ambalo mimi silipendi, kwa sababu linafanya ionekane kana kwamba kisiwa ndicho chenye kosa.

Udongo uliofungwa kwenye kifurushi

Mwezi Oktoba 1981 magazeti yalipokea ujumbe kutoka kwa kikundi kisichojulikana. Kikundi hicho kilidai kwamba wanabaiolojia kutoka vyuo vikuu viwili, wakisaidiwa na wenyeji, wamevuka hadi Gruinard na kuchukua zaidi ya kilo 130 za udongo. Walisema wataupeleka mahali panapostahili, kidogo kidogo, mpaka serikali iache kupuuza. Operesheni yao waliiita Mavuno ya Giza.

Siku hiyo hiyo kifurushi cha udongo kilikutwa nje ya Porton Down. Kilipimwa, kikakutwa na kimeta. Siku chache baadaye kifurushi kingine kilikutwa Blackpool, mji ambao chama tawala cha Conservative kilikuwa kikifanya mkutano wake mkuu wa mwaka. Hicho hakikuwa na bakteria, ingawa maofisa walisema udongo wake unafanana na wa kisiwani.

Walichofanya kilikuwa hatari. Kusafirisha spora za kimeta kwa barabara ni kuwaweka hatarini watu wasiohusika kabisa: dereva, mfagizi, mtoto anayeokota kitu njiani. Siwezi kukisifu kitendo hicho. Lakini ni kweli pia kwamba kwa miaka 36 baada ya vita udongo ulikaa kimya kisiwani bila mpango wowote wa kuusafisha, na kwamba miaka mitano baada ya vifurushi hivyo mpango ulikuwepo na mitambo imeshafika.

Jinsi kisiwa kilivyosafishwa

Uchunguzi uliofanywa kabla ya kazi ulileta habari njema ambayo haikutarajiwa. Spora hazikuwa zimeenea kisiwa kizima. Zilikuwa zimejikusanya karibu na mahali pa milipuko, na upande ule upepo ulikoelekea. Eneo lenyewe lilikuwa kama hekta 4, sehemu ndogo sana ya zile 196. Spora ni sugu, lakini haina miguu. Palipo na udongo wa mboji uliolowa, hukaa pale pale ilipoangukia.

Baada ya kujaribu dawa mbalimbali, wataalamu walichagua fomaldehaidi. Wasomaji wengi wanaijua kwa jina la fomalini, ile dawa kali yenye harufu ya kuchoma macho inayotumika mochwari kuhifadhi maiti. Mwaka 1986 tani 280 za dawa hiyo zilichanganywa na kama tani 2,000 za maji ya bahari. Majani na vichaka vya eneo lile viliondolewa kwanza, ili dawa isiishie juu. Kisha mipira yenye matundu ikatandazwa chini na ardhi ikanyweshwa taratibu, lita 50 kwa kila mita moja ya mraba, mpaka dawa izame. Udongo ulioathirika kuliko wote, wa pale penye milipuko, ukachotwa na kuondolewa.

Sampuli zikachukuliwa. Palipobaki dalili, palirudiwa. Halafu likaletwa kundi la kondoo. Waliachwa wachunge majani mapya yaliyoota juu ya ardhi ile, mahali ambapo kondoo wenzao walifungwa mstari miaka 45 kabla. Wakabaki wazima.

Tarehe 24 Aprili 1990 naibu waziri wa ulinzi, Michael Neubert, alivuka hadi kisiwani na kung'oa kibao cha onyo mbele ya waandishi wa habari. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Mei, warithi wa mmiliki walikinunua kisiwa chao kwa pauni 500, kama ilivyoandikwa mwaka 1946. Kutoka siku kilipotwaliwa ilikuwa imepita miaka 48.

Je, mtu anaweza kwenda leo?

Anaweza. Sheria ya Scotland ya mwaka 2003 inampa mtu haki ya kutembea kwenye ardhi ya wazi mradi asiharibu. Hakuna gati, hakuna nyumba inayokaliwa, na hakuna mti wa kujikinga mvua. Mwenye mashua na bahari tulivu hushuka ufukoni, akapanda hadi An Eilid kwa mguu, na kuiona ghuba nzima pamoja na milima ya bara. Mwezi Machi 2022 moto uliunguza kisiwa kutoka upande mmoja hadi mwingine usiku, watu wakiutazama kutoka bara, na magazeti yakazikumbusha tena habari za mwaka 1942.

Basi nasi tusafishe malisho yetu?

Msomaji aliyefika hapa atauliza kitu cha haki kabisa. Kama Gruinard ilisafishika, kwa nini tusimwage fomalini kwenye malisho ya Monduli, au kando ya Ziwa Nakuru ambako nyati wengi walikufa kwa kimeta mwaka 2015?

Piga hesabu. Hekta 4 zilihitaji maji ya dawa zaidi ya tani 2,000, pamoja na mitambo, wataalamu na miaka ya kupima. Malisho yetu ni maelfu ya hekta, na hakuna anayejua kila shimo lililowahi kuzikwa mzoga. Tena fomalini haichagui. Huua minyoo, huua mizizi, huchafua maji ya kunywa. Gruinard ilivumilia kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitegemea kwa chakula.

Kinachowezekana kwetu ni kumkinga mnyama mwenyewe, na hapa ipo habari ambayo haisimuliwi vya kutosha. Chanjo ya kimeta inayotumika kwa mifugo karibu dunia nzima leo ilitengenezwa Afrika. Max Sterne, daktari wa mifugo katika kituo cha Onderstepoort nchini Afrika Kusini, aliipata katika miaka ya 1930 kutokana na kizazi cha bakteria kilichopoteza uwezo wa kujificha dhidi ya kinga ya mwili. Yaani wakati bomu la kwanza linapasuliwa Gruinard, chanjo ilikuwa imeshapatikana upande huu wa dunia.

Kwa anayeishi kwenye eneo lenye historia ya kimeta, mambo ya kushika ni haya:

- Chanja kila mwaka, majuma kadhaa kabla ya kipindi ambacho vifo huonekana kwenu. Mara nyingi ni kiangazi kirefu, mifugo inapong'oa majani pamoja na udongo, au mvua kubwa za mwanzo zinazofukua ardhi.
- Mnyama akifa ghafla na damu ikimtoka, asipasuliwe, asichunwe, asikokotwe. Toa taarifa.
- Mzoga uchomwe pale pale ulipo. Ikishindikana, uzikwe shimo refu, angalau mita 2.
- Aliyeshika mzoga akapata kipele chenye ganda jeusi aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme alichoshika.

Na jambo moja ambalo wengi hawaelezwi. Chanjo ya Sterne ni spora hai zilizodhoofishwa. Ng'ombe akipigwa sindano ya dawa za kuua bakteria, kwa mfano penisilini, katika siku za karibu na siku ya chanjo, dawa ile huiua chanjo kabla mwili haujajifunza kujikinga. Mwambie bwana mifugo ni wanyama gani walitibiwa wiki hiyo na kwa dawa gani, ili awapangie siku nyingine.